Tunatengeneza duka huria la programu za Android, tafsiri ya Kiswahili inatugomea. Naomba mawazo

mpakuaji_huru:

Wakuu habari za humu,

Naomba msaada hasa kwa mliowahi kutafsiri programu au kuandika za Android. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza programu huria ya kupakulia programu nyingine, yaani duka, ila halina hazina (ghala la programu) yake lenyewe, linasoma hazina za mtindo wa F-Droid. Kwa asiyeifahamu, F-Droid ipo tangu 2010, ni duka la programu huru tupu, kwa kawaida wanachukua msimbo wa mwenye programu wanaujenga wao wenyewe kwenye seva zao na APK (faili za kusakinishia programu) nyingi wanazitia saini yao ya kidijitali, halafu orodha ya programu zote ipo wazi kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Sisi ndo tumefanya hivyo kwa lugha ya Kotlin. Kupakua, kuhakiki saini ya orodha, kulinganisha sha256 (alama ya utambulisho wa faili) ya kila APK kabla haijasakinishwa, yote hayo yanaenda vizuri sina malalamiko.

Kiswahili sasa. Tulidhani ni kazi ya jioni mbili, tukapitisha stringi zote (maneno yanayoonekana kwenye skrini) kwenye mashine ya kutafsiri tukisema tutasahihisha baadaye. Ikatuletea "Hisa" kwenye kitufe cha kushiriki linki, "Ripoti ya ajali" pale programu inapojifunga ghafla, na seva mbadala za kupakulia zote zikawa "Vioo". Hizo tulizikamata mapema. Kinachonikosesha usingizi ni zile ambazo ukisoma neno moja moja halina kosa, lakini zikikaa kwenye skrini hakuna mtu anayeongea hivyo. Mfano skrini ya mipangilio inasema "Arifa: Imewashwa", chini yake "Usasishaji wa kiotomatiki: Imewashwa". Na ukimaliza kusasisha inatokea "3 programu imesasishwa". Tumeibadilisha zaidi ya mara nne, tukirekebisha hapa inaharibika kule.

La pili neno "free", tumelumbana wiki nzima tuandike "bure" au "huru".

La tatu, mtu ameweka simu yake Kiswahili, menyu zetu zote ni Kiswahili, ila akifungua ukurasa wa programu maelezo yanakuja Kiingereza, hata kwa zile ambazo nimeangalia mwenyewe nikaona mwenye programu ameandika maelezo ya Kiswahili. Nimetafuta sana sijaona kosa liko wapi.

Nawasilisha.

ngeli_na_msimbo:

Mkuu hilo la kwanza msilibebeshe mtafsiri, liko kwenye msimbo wenu. Hata umlete bingwa wa lugha kiasi gani hawezi kulitibu akiwa ndani ya strings.xml (faili la stringi) peke yake, maana mmempa neno moja mkalitumia sehemu tano.

Nakisia mna stringi moja inaitwa enabled, kwenye values imeandikwa "Enabled", na kila skrini inaiita hiyo hiyo. Kiingereza kinakubali kwa sababu neno halibadiliki likiwa la nini. Kwetu kitenzi lazima kijue kinamzungumzia nani. Hazina imewashwa, arifa zimewashwa, usasishaji umewashwa, kichujio kimewashwa. Hapo ni maneno manne kwa moja lenu, kwa hiyo zitenganisheni, repo_enabled, notifications_enabled, auto_update_enabled, kila moja na stringi yake hata kama kwa Kiingereza zote zitabaki kusomeka sawa. Najua mkono wa mwandishi wa msimbo unawasha kuona neno moja limerudiwa mara nne kwenye faili, utatamani uliunganishe, usiliunganishe. Na juu ya kila stringi wekeni maelezo mafupi ndani ya XML kwamba hii inaonekana wapi na inahusu nini, mkitumia Weblate, ile tovuti ya kutafsiria programu, yale maelezo mtafsiri anayaona pembeni, atajua "Update" hii ni kitufe cha kubonyeza, yaani Sasisha, na ile nyingine ni nomino, yaani Sasisho.

Halafu hiyo "3 programu imesasishwa" inaniambia mmeunganisha namba na maneno kwa alama ya kujumlisha. Android ina plurals, njia ya kuandika umoja na wingi, itumieni. Kiswahili kina makundi mawili tu, one na other, rahisi kabisa ukilinganisha na Kiarabu chenye sita:

one: Programu %d imesasishwa
other: Programu %d zimesasishwa

Namba (ndiyo hiyo %d) inakaa nyuma ya nomino, kitenzi kinafuata wingi, kimeisha. Tena kwa Kiswahili kundi la one ni la namba 1 pekee kwa hiyo ukitaka unaweza kuandika kabisa "Programu moja imesasishwa", kuna lugha kama Kirusi ambapo one inachukua hadi 21 na 31, huko ukifanya hivyo umepotosha. Ila kwetu ni salama.

Sasa kuna kitu kingine hujakitaja lakini nina uhakika kipo, sentensi za jina la programu. "%1$s imesakinishwa", hapo %1$s ni pa kuingia jina. VLC ni ngeli gani? AntennaPod je? Huwezi kujua, na kesho mtu ataleta programu yenye jina la Kiswahili la wingi, "Vitabu" imesakinishwa, sikio linakataa. Dawa yake ni kutanguliza neno lenye ngeli unayoijua: "Programu ya %1$s imesakinishwa kutoka hazina ya %2$s". Kitenzi kinashikamana na programu, jina linabaki mgeni tu katikati. Nimetumia njia hiyo kwenye programu tatu sijawahi kujuta, sentensi inarefuka kidogo lakini inasomeka.

Na ndio maana vile vishikilia nafasi viwe na namba, %1$s, %2$s, ili mtafsiri aweze kuvipindua mpangilio. Kama mna mahali mmeandika "Installed" mkaongeza jina mkaongeza "from" mkaongeza hazina, hiyo ifuteni leo leo.

saini_kwanza:

Aliyenitangulia kamaliza upande wa ngeli, mimi niongezee kitu kilichotokea kwetu kwa sababu sitaki kiwatokee.

Tulikuwa na programu ya aina hiyo hiyo. Juu ya skrini kulikuwa na kadi ya taarifa, chini yake kitufe cha kuifunga ile kadi, Kiingereza "Dismiss". Mtafsiri akaandika "Ondoa". Si kosa, unaondoa taarifa. Skrini nyingine kulikuwa na "Remove" ya kuondoa hazina kwenye orodha, nayo ikawa "Ondoa". Na kwenye ukurasa wa programu "Uninstall" nayo "Ondoa". Waliotafsiri walikuwa watu watatu tofauti, kila mmoja kwa nafasi yake alikuwa sahihi.

Basi mtumiaji mmoja akakutana na ujumbe kwamba toleo jipya lina saini tofauti na lililopo kwenye simu. Hii hutokea mno mkuu, mtu alisakinisha programu kutoka duka moja sasa anataka kuisasisha kutoka duka lingine, saini si moja, Android inakataa, na njia pekee ni kuitoa ya zamani kwanza. Akaona kitufe "Ondoa" akaelewa anaondoa ule ujumbe usimsumbue, kama alivyozoea kwenye ile kadi. Mfumo ukamuuliza tena, akakubali. Ilikuwa programu ya kuandikia kumbukumbu, maandishi yake ya miaka yakaondoka nayo, nakala hakuwa nayo. Alituandikia barua pepe moja fupi sana, hakutukana hata kidogo, aliuliza tu kama kuna namna ya kurudisha. Haikuwepo.

Tangu hapo nina orodha yangu na siilegezi. Dismiss ni "Funga". Kuondoa hazina ni "Ondoa hazina", kitufe kizima, si neno moja. Uninstall ni "Sanidua programu", na ujumbe unasema kabisa "data yake yote itafutika". Kuna wenzangu hawalipendi hilo neno sanidua wanasema ni la vitabuni, sawa, tumieni "Toa programu kwenye simu", mradi lisifanane na kitufe kingine chochote.

Na kwenye ujumbe huo huo, neno signature msiandike sahihi. Sisi tulikuwa na "Sahihi ya programu hii si sahihi", soma hiyo uniambie umeelewa nini. Andika saini. "Saini ya toleo hili hailingani na ya lile lililopo kwenye simu."

Mkianza kugawana kazi anzeni na stringi za kufuta na za usalama, hizi za "Karibu" na "Kuhusu" zinaweza kusubiri hata mwezi.

mpakuaji_huru:

Nimeisoma hiyo ya kumbukumbu mara mbili. Nimeenda kuangalia kwetu sasa hivi, tuna "Ondoa" nne, na mbili zipo skrini moja. Nimefungua tiketi, toleo halitoki mpaka ziishe.

Na @ngeli_na_msimbo ulikisia kweli, stringi inaitwa enabled hivyo hivyo, inaitwa sehemu sita.

lugha_ya_simu:

Kuhusu la tatu, maelezo kuja Kiingereza. Unachaguaje lugha ya maelezo kutoka kwenye orodha? Weka huo mstari hapa.

mpakuaji_huru:

Huu hapa:

summary[Locale.getDefault().toLanguageTag()] ?: summary["en-US"]

lugha_ya_simu:

Ndo hapo. Mtu akichagua Kiswahili kwenye simu anachagua na nchi, kwa hiyo simu inakwambia sw-TZ au sw-KE au sw-UG au sw-CD. Kwenye orodha wenye programu wengi wameweka "sw" tupu, unatafuta sw-TZ hukuti unarukia Kiingereza. Tafuta kwanza tagi kamili, yaani sw-TZ, ukikosa tafuta lugha peke yake, ukikosa tafuta yoyote inayoanza na sw, hapo ndo uende mbele. Na usiishie kwenye lugha moja, tangu Android 7 mtu anaweza kuwa na orodha ya lugha anazozipendelea kwa mpangilio, ya kwanza Kiswahili ya pili Kifaransa labda, huyo ukimpa Kiingereza moja kwa moja umemrukia Kifaransa chake. Chukua LocaleListCompat, ndiyo orodha hiyo kwenye msimbo, uipitie yote.

Kitu kingine, wekeni locales_config, faili la kuorodhesha lugha za programu yenu, kuanzia Android 13 mtu anaweza kuchagua lugha ya programu moja tu. Nasema hivi kwa sababu wazungumzaji wengi wa Kiswahili simu zao zipo Kiingereza na wala hawana mpango wa kubadili simu nzima, lakini ukimpa nafasi ya kubadili programu moja atajaribu. Bila hiyo kazi yenu yote ya kutafsiri watu hao hawataiona kabisa.

huru_si_bure:

Naomba niingie kwenye "free" maana ni kitu ninachokijali kweli.

Msiandike bure. Kwanza si kinachomaanishwa, kinachozungumzwa ni uhuru wa mtumiaji, kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Bei haimo. Programu inaweza kuwa huru na ikauzwa, na inaweza kuwa ya bure huku imekufunga miguu na mikono. Pili, bure kwa Kiswahili ina sura nyingine kabisa, tunasema kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Ukimwambia mtu "duka la programu za bure" nusu yao wanasikia vitu visivyo na thamani na nusu wanauliza za kulipia zipo wapi, hakuna aliyesikia neno uhuru.

"Programu huru". Na "non-free" ni "isiyo huru".

ngeli_na_msimbo:

Nakubaliana kwenye bure ila mimi natumia huria. Huru unamwambia mtu "programu huru" anafikiria inayojitegemea, isiyohitaji nyingine, kama mgombea huru. Huria imezoeleka, soko huria, chuo kikuu huria, watu wanajua ni kitu kilichofunguliwa kwa wote. Na hata mwenye uzi kaandika huria kwenye kichwa.

huru_si_bure:

Kaandika yote mawili mkuu, mstari wa kwanza kasema programu huria halafu akasema F-Droid ni duka la programu huru tupu, na kila mtu humu kaelewa. Mimi naviona ni vitu viwili, huria nakiachia "open source", msimbo uko wazi, huru nakiachia "free software", mtumiaji ana haki zake. Mkiwa na maneno mawili kwenye lugha kwa nini mjinyime. Ila wekeni kwenye faharasa ya mradi, Weblate ina sehemu ya faharasa, neno likishaamuliwa linamtokea kila mtafsiri anapokutana nalo, ili asije mwingine mwakani akarudisha bure.

Na hapo hapo, zile alama za tahadhari, kwa Kiingereza "Anti-Features". F-Droid haiikatalii programu eti kwa kuwa ina matangazo au inategemea seva isiyo huru, inaiacha ndani ila inaibandika alama mtu ajue. Nimeona ikitafsiriwa "Kasoro", si kasoro, programu haijaharibika, inafanya hivyo kwa makusudi. Sisi tumeandika "Tahadhari" juu, chini yake sentensi ya kawaida, "Ina matangazo", "Inafuatilia matumizi yako", "Inategemea huduma isiyo huru ya mtandaoni". Mtu anasoma anaamua mwenyewe.

lugha_ya_simu:

Kabla sijasahau, saa. Kama mna mpangilio wa kusasisha usiku msiandike "saa 2:00 usiku" kwa sababu simu imesema 02:00. Msomaji wa Kiswahili ataelewa ni saa mbili usiku, yaani 20:00, wakati simu inamaanisha saa nane usiku. Tumeacha tarakimu peke yake, "Kila siku, 02:00", neno saa tumelitoa. Na "saa 3 zilizopita" ni sawa kwa sababu ya zilizopita ila ikifupishwa kwenye kadi ndogo ikabaki "saa 3" inageuka kuwa muda wa kukutana, iangalieni.

mpakuaji_huru:

Wakuu nimerudi, siku kumi na moja zimepita.

Lile la sw-TZ lilikuwa ndo lenyewe. Nimerekebisha nikafungua ukurasa wa programu moja ya ramani nikaona aya nzima ya Kiswahili ambayo ilikuwa imekaa kwenye orodha muda wote sisi tunaipita. Nimefurahi halafu nikasikitika, mtu alikaa akaandika maneno yote yale na programu yetu ikawa haimuoneshi mtu yeyote.

Sasa na utafutaji nao tumeufungulia maelezo ya Kiswahili, ukiandika "kikokotoo" unapata, kama mwenye programu ameandika. Wengi hawajaandika. Kwa hiyo nimeanza kuwapelekea mmoja mmoja, maana maelezo hayakai kwetu, yanakaa kwenye msimbo wa kila programu, folda ya fastlane/metadata/android/sw, ndani yake title.txt, short_description.txt na full_description.txt. Ule muhtasari mwisho herufi 80 na hapo ndo pagumu, Kiingereza kinaingia, Kiswahili kinafika 95, inabidi uache kutafsiri uanze kujiuliza hii programu inafanya nini hasa. "Simple and lightweight RSS reader with offline support" nimehangaika nayo hadi nikaandika "Soma habari za tovuti uzipendazo, hata bila intaneti". Nimeihesabu imeingia.

Vitufe tumevipima kwa ile lugha ya bandia ya Android, en-XA, inayorefusha maneno yote, vitatu vilikatika, tumeondoa upana wa kudumu. "Ondoa" imebaki moja. "Mirror" tumeandika "Seva mbadala". Huru na huria zote zimeingia kwenye faharasa kama alivyosema @huru_si_bure, mwenzetu mmoja bado hajaridhika ila amekubali tuendelee.

Swali moja limebaki. Mandhari ya mwanga tumeandika "Ang'avu" na ujenzi ukagoma, nikaweka mkwaju (\) kabla ya ile apostrofi kwenye faili ukapita, lakini mwenzangu aliyefanya hivyo hivyo ndani ya Weblate kwake mkwaju unaonekana kwenye skrini kabisa.

ngeli_na_msimbo:

Weblate inaweka mkwaju yenyewe inapoandika faili, ndani yake andikeni "Ang'avu" kama mnavyoandika karatasini. Ukihariri strings.xml kwa mkono ndo unauweka mwenyewe. Mkiweka kote kote unaongezeka wa pili na huo ndo anaouona. Tafuteni na maneno mengine ya ng' yaliyokwisha pita huko, kung'amua, king'amuzi, yatakuwa na ugonjwa huo huo.

saini_kwanza:

Nipe ruhusa kwenye mradi wenu wa Weblate nipitie zile za kufuta na za saini kabla hamjatoa toleo. Na pakieni picha za skrini humo mziunganishe na stringi zake, nataka nione kila kitufe kimekaa jirani na kipi.